Upana wa Watu Wawili

Mkwe wangu Wilfried ana mdomo mtamu, na mwaka jana mdomo huo ulitushinda sote. Alituambia watu wa mradi wa kulinda msitu wanataka njia yetu, ile inayoshuka kutoka milimani hadi Lubondja na kuendelea mpaka ziwani, iwe njia ya wageni wanaotembea kwa miguu siku nyingi. Ila ibaki nyembamba, upana wa mtu mmoja. Tusifanye tena salongo, ile kazi ya kijiji kizima, ya kufyeka kando, maana wageni hawaji kutazama shamba, wanataka msitu, na njia pana inaua msitu.

Hawakusema uongo. Watu wa upande wa pili wa mlima walipanua njia yao, pikipiki zikaingia, nyuma yake wachoma makaa, miti ikaisha, vijito vikakauka, na leo kina mama wa huko wanachota tope.

Tukakubali. Msitu ukasogea mpaka ukatugusa mabega. Wageni wakaja, Wilfried akawaongoza, binti yangu Divine akawapikia sombe ya majani ya muhogo, nami nikawa nacheka nao bila kuelewa wanasema nini.

Kisha uchungu wa uzazi wa Divine ukaanza vibaya: mkono wa mtoto ulitangulia. Wanaume wanne wakambeba kwenye tipoyi, machela yetu ya miti, wawili mbele, wawili nyuma, tumpeleke kituo cha afya Lubondja. Hatukufika mbali. Wabebaji wanatembea wawili wawili, bega kwa bega, na njia haikuwa na nafasi hiyo tena. Tipoyi ikakwama kati ya miti.

"Mukate!" nilipiga kelele. "We Wilfried, kata!"

"Mi nakata, mama, mi nakata!" Alikuwa analia huku anafyeka. Tulisogea kidogo, tukasimama, tukasogea tena. Niliichukia miti ile, na Mungu anajua nimekulia chini yake.

"Mama," Divine aliniita, "kungali mbali?"

"Iko karibu, mama yangu." Nilimdanganya.

Kule Lubondja, muuguzi alimwokoa yeye. Mtoto alikuwa ameshakufa njiani.

Jumapili, baada ya ibada, kijiji kikakaa. Wengine walitaka njia ipanuliwe kesho yake. Wengine wakauliza tutakunywa nini wachoma makaa wakishafika. Wilfried aliinamisha kichwa.

"Mama Divine aseme," mtu akasema. "Ye njo alifiwa."

Nikasimama. Nilitaka kusema tupanue, nikataka kusema tuache. Nikamwona binti yangu amekaa nyuma, maziwa yamelowesha blauzi yake. Nikakaa tena.