Kishimo Kisicho na Sumu

Kwa miaka saba wanawake wawili walipishana kwenye korido moja ya maabara bila kusalimiana. Mmoja alikuwa mhandisi wa protini, mwingine mkuu wa chumba cha vipimo. Wangekuwa watu baki, yangeisha. Lakini mhandisi alikuwa ameolewa na kaka wa huyo mkuu wa vipimo, na ugomvi wao ulianzia harusini, pale wifi aliposema mbele ya wageni, "Kaka yangu hajaoa mke, ameoa maktaba." Bibi harusi hakulimeza neno hilo. "Afadhali maktaba, wifi, kuliko gunia la maneno." Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Wao wawili hawakucheka.

Kazi ya mhandisi ilikuwa hii. Alichukua protini moja ndogo, imara, isiyoharibika hata ikichemshwa, akaifanya kiunzi. Kiini chake hakukigusa. Alibadilisha upande mmoja tu wa nje, akachezea jeni zake hadi akapata mamilioni ya aina, kila aina na sura yake upande ule. Kisha akavua zile zilizonasa sumu ya nyoka. Alitaka zifanye kazi ya kingamwili, ziikamate sumu kabla haijafika kwenye mishipa ya fahamu, tena bila kuchanja farasi ili dawa itolewe kwenye damu yao, na bila kutegemea friji. Mjomba wake alikufa kwa kuumwa na nyoka akiwa njiani kwenda hospitali. Hakupenda kulisema hilo kazini.

Jumanne asubuhi alisimama mbele ya mkurugenzi na wenzake, akaonyesha picha ya sahani ya plastiki yenye vishimo. Kila kishimo kilipakwa sumu, kikatiwa protini yake, na vyote kumi na viwili vilikuwa vimegeuka njano iliyokolea. Njano maana yake imenasa. Watu walianza kupiga makofi.

"Kishimo kisicho na sumu kiko wapi?" Ilikuwa sauti ya wifi yake, kutoka nyuma.

"Nimepima mara tatu."

"Sikuuliza mara ngapi. Nimeuliza kiko wapi."

Hakikuwepo. Bila hicho, hakuna aliyejua kama protini zimenasa sumu au zinanasa chochote. Mkurugenzi akaagiza protini zote zipelekwe chumba cha vipimo, na Ijumaa wakakutana tena. Wifi alisoma majibu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa jirani asiyempenda.

"Protini za wifi yangu zinashika sumu. Zinashika pia plastiki tupu. Zinashika hata maziwa tuliyopaka vishimoni kufunika plastiki. Tungekuwa na nafasi tungepima na ukuta."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Hata mkurugenzi alijifuta macho.

Nyumbani mhandisi alivitupa vyombo kwenye sinki kama vilimkosea. Mumewe alimwacha mpaka sahani ya pili ikapasuka.

"Lakini mke wangu, hicho kishimo kilikuwepo au hakikuwepo?"

"Na wewe umeanza! Damu nzito, eh?"

"Nimeuliza tu."

"Nenda kaulizie kwa dada yako."

Mume akachukua ufagio, akazoa vigae. Swali lile lilimuuma kuliko kicheko cha maabara, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

Akarudi kazini, akaanza upya. Safari hii, kabla ya kuvua, alipitisha mkusanyiko wake wote kwenye sahani tupu mara nne, na kila kilichonata alikitupa. Alitupa kazi ya miaka miwili kwa wiki moja. Katika mabaki akavua tena kwa sumu, akapata aina chache, na kati yake moja, namba arobaini na moja, iliyong'ang'ania sumu na kuacha plastiki.

Kanuni ilidai majibu yathibitishwe na chumba cha vipimo. Hapo akaingiwa na shaka. Yule mwanamke angeshindwa nini kuandika uongo? Basi akamtegea. Alipeleka mirija minane yenye namba za siri, na miwili kati yake, wa tatu na wa saba, akaijaza kitu kilekile, ile namba arobaini na moja. Majibu yakitofautiana, angemfikisha kwa mkurugenzi, na zamu ya kucheka ingekuwa yake mhandisi.

Siku ya tano aliitwa. Wifi alikuwa peke yake, glavu bado mikononi. Hakumkaribisha kiti.

"Mrija wa tatu na wa saba ni kitu kimoja," alisema. "Ulinitega."

Mhandisi alifikiria kukana. "Ndiyo. Nilikutega."

Wifi akamsukumia karatasi. Ya tatu: inashika sumu, kishimo kitupu cheupe. Ya saba: vilevile, tarakimu zikipishana kwa unywele tu. Chini yake aliongeza jambo ambalo hakuombwa: aliichemsha protini ile dakika kumi, akaipoza, akaipima tena, nayo ikashika kama awali. Sahihi yake ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

"Sikupendi," wifi alisema. "Sikukupenda siku ya kwanza, na leo nakupenda hata chini ya hapo. Lakini nimepima kazi zako miaka saba. Kuna hata moja niliyoiandikia uongo?"

Mhandisi alitafuta kichwani. Hakuipata.

"Hapana."

"Basi ulipokuwa unajaza ule mrija wa saba, ulikuwa unampima nani?"

"Samahani, wifi."

"Samahani yako kaa nayo. Wanaojaribu dawa kwa panya wanataka kuanza Jumatatu, na huu mrija umekwisha. Niletee mwingine. Na safari hii andika namba zinazosomeka, mwandiko wako kama kuku amepita."

Mhandisi aliondoka na karatasi yake. Alikuwa ameshinda, kila mtu angesema hivyo, na mumewe angefurahi. Alifika kwenye jokofu, akafungua mlango, akasimama pale na baridi ikimpiga usoni, akiwa bado amemkasirikia wifi yake na sasa hana sababu. Kisha akatoa mirija miwili, sio mmoja, wifi asije akaishiwa tena, akakaa chini kuandika namba upya, polepole, moja moja.