Kekeo wa Shemeji Egon

Nilikuwa nimeshafunga mkoba nyuma ya baiskeli, mguu mmoja kwenye pedali, naelekea Jutland kufuata kazi, dada yangu Bodil alipoushika usukani.

"Kaka, huendi popote. Egon amekataa upasuaji wa moyo."

"Kwa nini tena?"

"Eti kekeo amemhakikishia."

Kwetu tukimsikia ndege kekeo wa kwanza wa mwaka, tunahesabu mara anazoita. Kila mwito ni mwaka mmoja uliobaki kuishi. Wengi tunafanya mzaha. Egon, mume wa Bodil, alihesabu kwa dhati, kalala, dirisha wazi, akafika thelathini. Daktari akaambiwa akatafute moyo mwingine wa kupasua.

Nilimkuta bustanini anakula mkate mweusi na samaki wa siki, midomo imegeuka bluu.

"Shemeji! Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kumwona huyo ndege wako."

"Humwoni ng'o. Kekeo hujificha."

Papo hapo juu ya antena ya nyumba yake ndege akaita: ku-kuuu-ku.

"Ndiye huyo!" Egon akainua uma. "Sikia!"

"Na amejificha wapi, kwenye antena? Sikiliza vizuri. Kekeo ana sauti mbili, ya pili inashuka. Huyu ana tatu, na ya katikati ndiyo anayoivuta. Sasa mtazame. Rangi ya maziwa yenye kahawa kidogo, na kola nyeusi nyuma ya shingo. Huyo ni tetere, bwana. Yuko kila bustani, anaiba punje za kuku wako."

"Muongo. Dada yako kakutuma."

"Kanituma, ndiyo. Ila tetere sikumpandisha mimi."

Tetere akashuka hadi kwenye chakula cha kuku, mkia umefunguka, ncha zake nyeupe. Akala bila wasiwasi. Egon alimtazama mpaka samaki akadondoka kutoka kwenye uma.

"Kwa hiyo thelathini yangu?"

"Huyo huita tangu Februari, kutwa nzima. Ungeendelea kuhesabu mpaka jioni, ungetuzika sote na wajukuu wetu."

Akacheka, kicheko kikamkata pumzi, akashika meza. Pumzi iliporudi hakunitazama.

"Bodil," akaita, "hebu lete simu."

Walimpasua mwezi wa Juni. Alipona, ila kuchimba viazi hawezi tena. Bodil anasumbuliwa na magoti. Antena iliondolewa, tetere wakahamia kwenye mpea wa jirani. Mimi nilifika Jutland nimechelewa, kazi niliyoifuata imeshapewa mtu. Kekeo mwenyewe hatukumsikia mwaka ule.