Hema Lenye Mapazia

Safari hii haijawahi kusimuliwa vizuri kuliko inavyosimuliwa hapa. Ni kweli pia kwamba hakuna mwingine aliyewahi kuisimulia, na wenyewe wawili waliosafiri hawataki hata kuisikia.

Ilianza na kigingi. Mume alikuwa amepiga magoti mchangani, nyundo mkononi, akipigilia kigingi cha kwanza cha hema, na kigingi kilikataa. Kiliingia kiasi cha kidole, kikagonga kitu kigumu, kikapinda. Akachukua kingine, nacho kikapinda. Mkewe alikaa mlangoni mwa gari lao kuukuu, ambalo nyuma walikuwa wametia jiko la gesi na ndoo ya maji, akimenya kitunguu na kumtazama.

"Dereva," akasema, "ardhi imekushinda, au ni umri?"

"Ni sakafu hii."

"Sakafu ya nini, ufukweni?"

"Jiwe. Nimesema jiwe."

Mtaani kwao aliitwa Dereva na mkewe akaitwa Fundi, na wao wenyewe walishazoea kuitana hivyo hata kitandani. Dereva alikuwa ameendesha tingatinga la serikali mpaka alipostaafu. Alikuwa akitengeneza barabara, ndivyo alivyosema siku zote. Fundi alishona sare za shule na mapazia kwa cherehani iliyowahi kuanguka kutoka kwenye mkokoteni, na tangu hapo kila baada ya shibiri moja ilikuwa inaruka mshono. Hakuitengeneza. Wateja walishazoea, na yeye alisema nguo nayo inahitaji pahali pa kupumulia.

Mume alisafiri kwa ajili ya mapumziko. Mke alisafiri kumtafuta mdogo wake. Huyo mdogo mtu alikuwa msusi, akahamia pwani, akatuma salamu kwamba amepata nyumba yenye mlango wa kijani, mbele ya mwamba unaofanana na ng'ombe aliyelala. Salamu ziliendelea kuja, kisha zikakatika. Kila Fundi alipouliza, Dereva alimwambia kwamba watu wa ufukweni huhama.

"Bila kuaga ndugu yao?"

"Wapo wanaohama hivyo."

Bila mdogo wake, Fundi asingekubali kulala mchangani kama kaa. Dereva naye hakutaka kabisa zile kambi zenye geti na choo. Ufukwe hauna mwenyewe, alisema, kwa nini mtu akalipie upepo? Na kusema kweli, sehemu za bure alizijua. Aliiacha barabara kuu pasipo kibao chochote, akakata kushoto penye kichaka, akatokea moja kwa moja kwenye uwanja uliosawazishwa vizuri. Fundi aliona kwamba huko hakukuwa na barabara hata moja ya kutengenezwa. Mambo mengine mke huyaweka stoo kwanza.

Tena, popote walipofika, kabla ya kuzima gari, Dereva alipiga honi: fupi, fupi, ndefu.

"Unamwamsha nani?" Fundi aliuliza.

"Mazoea ya kazi tu. Mikono inapiga yenyewe."

Jioni hiyo ya vigingi, jua lilipoinama, hema liliota dirisha. Lilikuwa dirisha la mbao lenye wavu wa mbu, na wavu ulikuwa umezibwa kwa pamba pale ulipotoboka. Baada ya dirisha ukaja ukuta, na ukutani rafu ya vikombe. Halafu watu wakatoka hemani mbio: baba na godoro kichwani, mama na vyungu alivyofunga kwenye shuka, watoto kila mmoja na alichowahi, mmoja amebeba kiatu kimoja. Wakasimama mchangani wakilitazama gari. Walipoona hakuna kinachofuata, waligeuka, wakaanza kuvirudisha vitu ndani.

"Hodi," baba mwenye godoro akasema mlangoni mwa hema.

"Karibuni," Fundi akajibu. Kisha akafikiri. "Au ni sisi tukaribie?"

"Sote tu, dada," mama wa vyungu akasema. "Sogeeni kidogo, huyo wa mwisho analala vibaya."

Wakalala wamebanana kama njiti kwenye kiberiti. Fundi alikuwa na lalamiko moja tu, nalo lilihusu magoti ya huyo wa mwisho. Asubuhi watu hawakuwepo, wala dirisha. Palibaki mchanga, seng'enge yenye kutu, na bango lenye picha ya hoteli ya ghorofa nyingi. Jua lilikuwa limeifuta picha mpaka bwawa la kuogelea likawa jeupe kama sahani. Hoteli yenyewe haikuwahi kujengwa. Hakuna aliyeshusha hapo hata tofali.

Waliendelea hivyo pwani nzima. Honi ikalia, hema likaota nyumba, wenye nyumba wakatoka na magodoro, wakarudi ndani, wakasogeana na wageni. Fundi alijifunza kupika chakula kingi. Kila mahali aliuliza habari za mwamba wa ng'ombe, na kila mahali wakamwambia aende mbele zaidi. Na kila asubuhi, bango lilikuwa lile lile, hoteli ni ile ile.

Mahali pamoja hema lilikuwa la bibi kizee aliyekuwa amebeba mlango wake mwenyewe mgongoni.

"Bibi, mbona kila mahali watu wanatoka wamebeba vitu?" Fundi alimuuliza, akimsaidia kuutua.

"Tumesikia honi."

"Honi ikilia ndiyo mtoke?"

"Ukiwa na akili unatoka, mwanangu. Anayebaki, ndiyo amebaki."

Dereva alikumbuka kwamba hajaangalia oili. Katika safari ile oili ya gari iliangaliwa kuliko ya ndege.

Walipokaribia mwisho wa pwani, Dereva akasema wageuze. Huko mbele bahari imekata njia.

"Umejuaje?"

"Nimesikia watu wanasema."

"Watu gani, nami nimekaa nawe humu ndani kama mkoba? Umewahi kufika huko?"

"Mimi? Huko sijawahi kufika, Fundi. Hata kwa kupotea."

Wakati huo huo wakamaliza kupanda kilima, na mwamba ukaonekana chini, umelala, miguu imekunjwa, kichwa kimegeukia majini. Njia ilikuwa nzima kabisa.

"Simamisha gari," Fundi akasema.

Dereva akakanyaga mafuta. Fundi akashika breki ya mkono kwa mikono yote miwili, akaivuta kama anayeng'oa muhogo. Gari likayumba, likaburura mchanga, likasimama kwenye uwanja uliosawazishwa, mbele ya bango. Dereva alikaa ameuma meno. Mikono yake ikanyanyuka kutoka kwenye usukani ikapiga honi: fupi, fupi, ndefu. Aliitazama mikono yake jinsi mzazi anavyowatazama watoto walioropoka mbele ya wageni.

Hema alilisimamisha Fundi peke yake. Vigingi vyote vilipinda, akafunga kamba kwenye mawe. Kisha akaketi kwenye ndoo, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri aitwe na daktari.

Jua lilipoinama, mlango ndio ulioanza, nao ulikuwa wa kijani. Likafuata dirisha, na dirishani mapazia ya maua. Fundi akapitisha mkono dirishani, akageuza upindo wa pazia, akaufuata kwa kidole. Shibiri moja, mshono umeruka. Shibiri nyingine, umeruka tena. Upande mmoja uzi mweupe ulikuwa umemwishia, akamalizia kwa mwekundu. Mapazia hayo aliyafunga mwenyewe kwenye gazeti akamtumia mdogo wake, zawadi ya kuhamia.

Akasubiri mtu atoke na godoro. Hakutoka mtu.

"Hodi," akasema.

"Dada? Ingia, sijafunga!"

Mdogo wake alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono juu, akichomoa mapazia kwenye waya. Hakuwa amezeeka hata kidogo. Nywele zake, alizozisuka vizuri kuliko za mteja yeyote, zilikuwa zimejaa vumbi la saruji.

"Shikamoo, dada. Nisamehe kukusalimia kutoka juu, nimebakiza upande mmoja tu."

"Marahaba. Shuka, mama, utaanguka."

"Nikishuka nitachelewa. Nilimwomba anisubiri kidogo. Nikamwambia, kitanda chukua, makabati vunja, lakini mapazia kayashona dada. Akaniambia haya, wahi."

"Ulimwomba nani?"

Mdogo wake akatazama juu ya bega la Fundi. Mlango wa kijani ulikuwa umesukumwa nusu, na Dereva alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba chungu kinaungua, "umepiga honi mapema tena."

Fundi hakugeuka haraka. Kwanza alikishika kigoda kwa mkono mmoja kisiyumbe, na kwa mkono mwingine akapokea pazia lililokwisha kutolewa, akalikunja begani. Ndipo akageuka.

"Dereva."

"Ananifananisha," Dereva akasema. "Mtu akishajaa vumbi machoni anamwona kila mtu ni yule yule. Mwamba wenyewe ndiyo kwanza nauona. Nyumba hii siijui, Fundi. Sijawahi kuikanyaga. Ningewahi kufika ningekuambia, si ni shemeji yangu huyu?"

Alisema vizuri, sauti haikutetemeka, na muda wote alimtazama mkewe usoni kama mtu mkweli. Nje, bango la hoteli lilikuwa likigongagonga seng'enge.

Naye akiwa bado anasema, mkono wake ukaenda nyuma ya mlango, mahali ambapo mtu aliyesimama kizingitini haoni, ukapapasa mara moja tu, ukaupata msumari, ukatundika kofia.