Benchi la Alhamisi

Diwani Ackson Mulenga alisema Kibemba, na Hénoc akakigeuza Kiswahili. Ndivyo mikutano ya Kafutuma inavyokwenda: Wazambia wa ziwani mbele, wakimbizi wa Kongo nyuma, na Hénoc katikati, amesimama wima kama mkutano ni wake.

Ulikuwa mwezi wa pili. Ziwa Mweru bado lilikuwa limefungwa kwa wavuvi ili samaki wazaane, nyavu zimekunjwa, na mikono iliyokosa kazi ilishika kikombe cha kachasu, gongo ya huko, tangu asubuhi.

"Mimi siwachukii walevi," Hénoc alitafsiri. "Ulevi ni ugonjwa. Lakini kliniki yetu ni ndogo, iwe ya akina mama na watoto. Kile chumba cha walevi cha Alhamisi tutakifanya stoo. Mlevi anayetaka kutibiwa aende hospitali ya Mansa."

Miezi kumi na moja iliyopita Hénoc mwenyewe alikaa kwenye benchi la chumba hicho, jasho likimtiririka, nesi Olipa amemshika bega. Sasa shemeji yake Dédé alikuwa ameketi kule nyuma, mikono ameikalia ili isitetemeke. Alikuwa amehudhuria Alhamisi tatu tu. Mansa asingefika: mkimbizi hatoki kwenye makazi ya wakimbizi bila kibali, na kibali kinangojewa wiki kadhaa. Kachasu haingojewi hata dakika tano.

"Maneno yake yameisha," Hénoc akasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kibemba. "Sasa yanafuata yangu."

Diwani akacheka. "Kumbe mkalimani naye ana hotuba?"

"Anayo, papa. Mwaka jana nililala mtaroni. Leo nimesimama saa nzima kando yako, na hakuna neno lako lililoanguka. Kile chumba ndicho kilichonisimamisha."

"Keti, we!" mtu akapiga kelele kutoka mbele. "Nyie hata kura hamupigi!"

Watu wakacheka. Hénoc hakuketi.

Ndipo akainuka Fanwell, mwenye mitumbwi miwili. Akasema kwa Kibemba, akarudia kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Miye napiga kura. Na miye niko mutu ya Alhamisi. Bibi yangu tu njo alijua."

"Ee, Fanwell!" mvuvi mmoja akaita. "Si ulituambia unaenda kupima presha?"

"Njo ile. Presha ya chupa!"

Kicheko kilikuwa kingine sasa. Wavuvi watatu wakainuka nyuma yake, mmoja mmoja.

Diwani akajifuta uso. "Nimesikia. Nitaongea na wenzangu, tutaliangalia."

Watu wa nyuma wakamtazama Hénoc. Hénoc akafunga mdomo.

"Tafsiri basi," diwani akamwambia.

"Hiyo sitafsiri, papa. Hawa wamechoka na 'tutaangalia'. Nipe neno zima, nitalibeba."

Diwani akamtazama Fanwell, ambaye hakuwa ameketi. Akawatazama wale watatu.

"Chumba kinabaki," akasema. "Na Alhamisi nitakuja mwenyewe, nikae kwenye hilo benchi."

Hénoc akavuta pumzi, akalitoa neno hilo kwa sauti iliyofika hadi kwenye vichanja vya samaki: "Chumba kinabaki!"

Kule nyuma Dédé akaitoa mikono yake, akapiga makofi. Ilikuwa ikitetemeka vilevile, mbele ya watu wote.