Ferista Alituacha

Tunduma haingoji Desemba. Novemba ikifika katikati, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kuchapa tope barabarani na malori yakiwa yamepangana kuelekea boda mpaka huoni mwisho wake, nyimbo za Krismasi zinafunguliwa. Mwaka huo zilianzia dukani kwa Andongwisye, kijana muuza spika, redio na flashi, aliyepakana ukuta kwa ukuta na duka la vitenge la Mama Goodness.

Zilitangulia za kizungu, za theluji na kengele. Mama Goodness akavumilia. Zikafuata za Wazambia, zenye magitaa yanayokimbizana. Hizo alizipenda, akawa anapima vitenge huku bega likicheza lenyewe. Kisha ukawekwa ule wa ng'ombe.

"Andongwisye! Hebu punguza huo wimbo."

"Aa, Mama Goodness, huu haupunguzwi. Bila huu Krismasi haijaingia."

Hakuwa peke yake. Kuanzia Tunduma mpaka Vwawa na kuteremka hadi Kamsamba, nani asiyeujua? Uliimbwa na kwaya ya kanisa la kijiji cha Hasamba. Kwaya inawauliza ng'ombe wa Bethlehemu, "Mliona nini, tuambieni," na mwanamke mmoja anawajibia. Sauti yake nyembamba inapanda, inapanda, halafu kwenye ubeti wa tatu, katika neno "zizini", inakatika kidogo na kujiunga tena. Wapiga debe wa stendi waliuigiza mkatiko ule huku wamejishika shingo. Watu walisema hapo ndipo penyewe.

Mama Goodness aliuchukia wimbo ule kuliko wimbo wowote duniani, na aliyeuimba alikuwa yeye.

Jina lake Ferista. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili kwaya ilipokwenda Mbeya kurekodi, na siku hiyo alikuwa na mafua. Sauti ilipokatika aliomba warudie, fundi mitambo akasema muda wao umekwisha, kwaya nyingine iko mlangoni. Hilo angelisamehe. Ambalo hakulisamehe ni lililofuata. Wimbo ulipopendwa, kwaya iliacha kuimba. Ikialikwa mahali inakwenda na flashi. Wanajipanga mistari, majoho yamenyooshwa, spika inaimba, wao wanachezesha midomo na kuyumba kushoto na kulia. Ferista alisimamishwa mbele na kipaza sauti kisichounganishwa popote, akawa anafungua mdomo kuyafuata mafua yake mwenyewe. Krismasi mbili alivumilia. Ya tatu akamwambia Mwalimu Jonasi, mwalimu wa kwaya, mbele ya watu wote, "Mimi si samaki." Akavua joho, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye benchi, akatoka.

Baadaye aliolewa na Sadock, wakahamia Tunduma, wakampata binti yao Goodness, na majirani wote wakamjua kwa jina la mtoto. Sadock alikuwa akiujua ukweli, na alishakatazwa kumwambia mtu.

Siku moja, wiki chache kabla ya sikukuu, mama mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya boda, aliingia kwa Andongwisye kutafuta spika. Wimbo wa ng'ombe ukamkuta hapohapo. Akasimama akiusikiliza mpaka ukaisha.

"Mukwai," alisema kwa adabu ya kwao, "huyu anayeimba ni nani? Yuko wapi?"

Andongwisye akavua kofia. "Alishafariki, mama. Alikuwa anaitwa Ferista. Alikufa bado binti kabisa, hata wimbo haujaenea. Si umesikia pale sauti inapokatika? Alikuwa anajijua."

"Yesu wangu!" Mama wa Nakonde akajishika kifua. "Poleni sana."

Upande wa pili wa ukuta, Mama Goodness aliuacha mkasi katikati ya kitenge cha mteja. Akatokea mlangoni kwa Andongwisye.

"Nani kafa?"

"Si Ferista, aliyeimba huu."

"Nani kakwambia kafa?"

"Mama, hilo linajulikana. Mwalimu wao alikuja hapa na kwaya kwenye tamasha. Tukamuuliza, mbona yule dada hayupo? Akainamisha kichwa, akasema, 'Ferista alituacha.' Mimi mwenyewe nilimsikia. Wengine walilia."

Mama Goodness akatoa simu. Namba ya Mwalimu Jonasi alikuwa nayo miaka yote, hakuwahi kuipiga. Akaipiga, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Naongea na nani?"

"Marehemu Ferista."

Andongwisye, aliyekuwa amepeleka mkono kuzima spika, aliuacha hewani.

"Ferista? Ferista wetu? Uko wapi wewe?"

"Niko Tunduma, nasikiliza watu wakinililia. Kwa nini umewaambia nimekufa?"

"Mimi? Haki ya Mungu sijatamka hivyo! Nilisema ulituacha. Kwani hukutuacha?"

"Niliwaacha kwa miguu yangu, Mwalimu."

"Basi hayo ya kufa ni ya masikio yao," alisema Mwalimu Jonasi. "Niliinamisha kichwa kwa sababu iliniuma. Bado inaniuma."

Mama wa Nakonde alicheka mpaka akashika kaunta. Andongwisye alijikalisha juu ya boksi la spika, akimtazama jirani yake utadhani ndiyo kwanza wanaonana. "Mama Goodness," alisema taratibu, "hebu imba kidogo."

Akaimba mstari mmoja. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, pana, ya mtu aliyezaa, aliyepiga kelele sokoni, aliyekwisha kuishi. Andongwisye akakuna kichwa.

"Mbona siyo yenyewe?"

Maneno yale yalimwingia kuliko habari za kifo. Jioni alimpigia tena Mwalimu Jonasi. "Krismasi nakuja kuimba. Na flashi uiache nyumbani."

"Ferista, watu hawa hawajaimba siku nyingi."

"Ndiyo maana nakuja mapema."

"Wiki ya Krismasi unafunga duka?" Sadock aliuliza alipomwona akifunga begi. "Vitenge si ndiyo vinatoka sasa?"

"Vitatoka Januari."

Sadock alimtazama kidogo, kisha akambebea begi mpaka stendi. Njiani alikuwa anatabasamu.

Hasamba ilikuwa na baridi na ukungu umekaa juu ya mibuni. Kwenye mazoezi, Ferista aliomba kila sauti iimbe peke yake. Besi, wanaume watano wenye vifua, wakatazamana. Hakuna aliyejua inaanzia wapi. Walichokijua ni wapi pa kuyumba kulia. Sauti ya pili ilikuwa imehamia yote kwenye ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayosikika kwenye spika. Mwalimu Jonasi alikaa pembeni, ameshika tama.

Aliyekuwa akifungua mdomo mahali pa Ferista ni binti aitwaye Happy. Alipoambiwa aimbe kwa koo lake akaimba, na alipofika "zizini" akaikata sauti.

"Nani kakufundisha kukatika hapo?" Ferista aliuliza.

"Ndivyo wimbo ulivyo, dada."

"Hayo ni mafua, mdogo wangu."

Kwaya nzima ikaangua kicheko, Ferista naye akacheka. Ila usiku ule usingizi ulikuwa mgumu, maana yeye mwenyewe alishajaribu ubeti wa tatu akiwa peke yake na hakufika pale juu. Kesho yake alishusha sauti ya wimbo mzima. Besi wakazama, wakabaki wanakoroma. Akaupandisha tena. Ndipo akamwambia Happy, "Beti mbili za kwanza zangu. Wa tatu uimbe wewe." Hakuutoa kwa moyo mweupe. Alipokwisha kusema alitoka nje, akatembea kwenye mibuni mpaka mwisho wa shamba, akarudi, akawaambia besi waanze upya. Siku zote zile aliwakazania. Walikuja mikono ina udongo wa shamba, wakarudi kwao gizani wakiwa bado wanaimba njiani.

Asubuhi ya Krismasi kanisa lilijaa hadi madirishani. Sadock alikuja na Goodness, na Andongwisye nyuma yao amevaa shati jipya. Kwaya ilipojipanga, fundi wa spika alinyoosha mkono kwa Mwalimu Jonasi kupokea flashi.

"Leo hakuna," Mwalimu alisema. "Zima tu."

Wakaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, sauti ya tatu ikapotea, ikawavuta besi, na wimbo wote ukaanza kulalia upande. Ferista angeweza kuendelea wafike hivyohivyo. Akainua mkono, akausimamisha. Waliokuwa madirishani wakanyoosha shingo.

"Mtusamehe," alisema, bila kipaza sauti. "Tulisahau kuimba. Tunajifunza. Tunaanza upya."

Wakaanza upya. Safari hii besi waliingia kama mlango unaofungwa vizuri, na juu yao sauti nzito ya Ferista ikawauliza ng'ombe mambo waliyoyaona, ikawajibia, bila haraka, bila mafua. Alilisikia kila neno likimtoka yeye, likiwa la siku ile. Happy akachukua ubeti wa tatu, akapanda, akapita "zizini" bila kujikwaa, na Ferista, aliyekuwa ameukunja mkono kwa hofu kana kwamba ni mwanawe anavuka mto, akaukunjua. Vigelegele vilianza kabla wimbo haujaisha. Kina mama waliacha viti vyao. Mchungaji alisimama kuanza mahubiri, akakaa tena, akasema, "Tuimbieni mwingine." Wakaimba mwingine, na mwingine, na kwenye huo wa mwisho walikosea waziwazi na hakuna aliyejali.

Baada ya ibada chakula kiligawiwa uani. Andongwisye alikuja na sahani ya pilau mkononi.

"Mama Goodness, sikufichi. Ile ya dukani naipenda zaidi."

Ferista alingoja maneno yale yamchome. Hayakumchoma. "Ipende," alisema, sauti ikiwa imemkauka. "Ni nzuri. Nilikuwa mgonjwa siku ile, na bado ni nzuri."

"Lakini hii ya leo," Andongwisye alisema, akatafuta neno, akalikosa, akajipiga kifuani kwa ngumi. "Hii iko hapa."

Pembeni ya jiko, wale wanaume watano wa besi walikuwa bado hawajakaa. Walisimama na sahani zao, pilau inapoa, wanaimba sauti yao peke yake, bila wimbo wenyewe, wakifika mwisho wanarudia mwanzo. Kina mama wa jikoni wakawapigia kelele wanyamaze, wale chakula, masikio yamechoka. Mmoja akamgeukia Ferista. "Dada, si uwaambie hawa waache?"

Ferista aliwatazama vile vifua vilivyotuna.

"Waacheni," alisema. "Hawakosei."