Darasa Lililojaa Alhamisi

Mwalimu Emerensiana alikuwa bado hajathibitishwa kazini, na neno la mwisho lilikuwa kwa mthibiti ubora wa shule, Bwana Erasmo. Mara ya kwanza alimkuta na nusu darasa, akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba akirudi akakuta madawati matupu, asimlaumu mtu. Kana kwamba mwalimu ndiye anayeangusha korosho mwezi wa kumi, wakati kijiji kizima cha Rutamba, wakubwa kwa wadogo, wako mashambani.

"Anakuja Alhamisi," mwalimu mkuu alimwambia Jumatatu. "Andaa zana nzuri."

Zana za kumfundishia nani? Emerensiana alizifungia karatasi zake za manila kabatini, akajifunga kanga, akaenda shambani kwa Bi Mwahija, mama yake Zuwena wa darasa la nne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Zuwena haji, nakwambia mapema usijichoshe. Korosho zikilowa hapo chini, nani atazinunua?"

"Ndiyo maana nimekuja. Nitakuokotea mimi kila jioni. Alhamisi uniachie mtoto."

Bi Mwahija alimtazama binti huyu wa Newala na viatu vyake vya ofisini, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akampa ndoo.

Habari haikukaa. Kufikia Jumatano kina mama wengine nao walikuwa wanamwita, naye hakuweza kumkatalia hata mmoja. Aliokota mabibo, akakonyoa korosho zake, gauni likaingia madoa yasiyotoka, mgongo ukagoma kunyooka. Andalio la somo aliliandika huku anasinzia: kujumlisha sehemu, kama ratiba ilivyotaka.

Alhamisi darasa lilifurika. Bwana Erasmo alikaa nyuma, uso umemkunjuka, na moyo wa Emerensiana ukatulia. Akaandika ubaoni nusu kujumlisha robo. Waliozoea kuwepo wakanyoosha mikono. Wale aliowatolea jasho walimtazama tu kwa adabu, hawaijui robo. Wangeijulia wapi?

Angeweza kuwauliza wanaojua peke yao. Wapo walimu wanaofanya hivyo na wanasifiwa. Lakini yeye roho ilimuuma kuwaona wamekaa pale kama mapambo, akafuta ubao. Alichora duara, akaanza na nusu, somo la mwezi uliopita. Huko nyuma kalamu ya Bwana Erasmo ikaanza kukimbia.

Mwisho wa kipindi Zuwena, aliyekuwa ameligawa duara lake vipande vinne na kulipaka rangi kwa furaha, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na kesho utatuokotea korosho, nije tena?"

"Korosho gani?" aliuliza Bwana Erasmo.

Emerensiana alihisi kazi yake ikimponyoka. Uongo ulikuwepo, tena mwepesi, ila watoto wote walikuwa wanamsikiliza.

"Niliwaokotea mama zao, mzee, ili wawaachie leo. Ungekuja jana usingewakuta."

Bwana Erasmo alifunika kalamu. "Basi darasa lako ni lile lile la mwanzo," alisema kwa upole, "na somo liko nyuma mwezi mzima. Siwezi kukupendekeza, mwanangu. Ningependa, lakini siwezi."

Iliuma. Emerensiana aligeukia ubao ili watoto wasimwone macho, na alipogeuka tena, Zuwena alikuwa bado amenyoosha mkono, maana hajajibiwa.

"Njoo," alimwambia. "Nitaokota."