Pindo la Gauni la Leticia

Leticia alikuwa na tabia moja iliyonichekesha. Ukimpa kitu cha kula, hata awe na njaa ya namna gani, hakitii mdomoni mpaka kwanza akipanguse kwa pindo la gauni lake. Papai atalipangusa, kijiko cha uji atakipangusa, hata muhogo wa kuchemsha. Nilikuwa nawaambia majirani zangu wa Maposeni kwamba huyu ni binti wa mjini, kwao Ruhuwiko watu wanakula kwa madaha. Tunacheka wote, naye anacheka bila kujua anachekwa.

Alikuwa mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa mwanangu Joachim. Nilimchukua akiwa na miaka miwili, mara mama yake, Edna, aliposhika mimba ya pili. Mtoto alikuwa bado ananyonya, na kwetu mtoto akinyonya juu ya mimba anabemendwa: anakonda, miguu inalegea, mnabaki kuuguza. Edna alishindwa kumwachisha. Mtoto akilia kidogo tu, mama mtu keshafungua blauzi. Mimi sina moyo huo. Nilisaga vidonge vya klorokwini, vile vichungu vya malaria, kwa kitako cha glasi, nikavikoroga na maji, nikampaka mkamwana wangu chuchuni kwa mkono wangu mwenyewe. Leticia alionja, akatema, akamtazama mama yake. Nikamfunga mgongoni nikaondoka naye. Sijutii, ndivyo tulivyoachishwa wote na hakuna aliyekufa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Joachim alikuwa amepunguzwa kazini, yeye na mkewe wakawa wanauza mitumba sokoni Songea, na safari za kuja kwangu zikawa za nadra. Kwangu nako bei ya mbolea ilikuwa haishikiki, nikawa nalima kipande tu cha mahindi. Nyumba ilikuwa kimya tangu afariki mume wangu, mzee Pankrasi. Ndipo akaja huyu na kelele zake, na miguu yake inayonipiga mbavuni nikimbeba kwenda shambani. Nilimpenda kwa uchoyo. Mtu akiuliza lini anarudi kwao, mimi naanza habari za panya wanaokula mahindi.

Halafu Joachim akatuma salamu: Edna amejifungua mtoto wa kiume, wamempa jina la marehemu, na mama uje na Leticia akae sasa na wazazi wake. Nikafunga unga, karanga na kuku mmoja. Tukiwa kwenye pikapu nilimwomba Mungu, na ninajua halikuwa ombi zuri, kwamba mtoto amkatae mama yake.

Edna alikuwa ameketi mkekani, kichanga mapajani.

"Shikamoo mama. Karibuni."

"Marahaba. Pole na hongera, mwanangu."

Nikampokea kile kichanga. "Mume wangu amerudi," nikasema, "na safari hii hana hata jino." Joachim akacheka. Edna hakucheka. Alikuwa anamtazama Leticia, aliyejificha nyuma yangu na kushika kitenge changu kwa mikono miwili.

"Leti, njoo kwa mama. Nimekuwekea gauni la njano, uone."

"Sitaki. Bibi, twende nyumbani."

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, mbele ya mwanamke aliyetoka kuzaa juzijuzi tu.

Tulishinda pale. Edna alijaribu wali, akajaribu biskuti, akajaribu kuimba. Leticia alikula kutoka mkononi mwangu tu, kila tonge akilipangusa kwanza. Alasiri Edna akageuza uso ukutani.

"Mama, rudi naye tu. Amenisahau. Mimi huku kila nikiamka napapasa kitandani kumtafuta, kumbe mwenzangu keshanisahau. Akae kwako. Tukimlazimisha ataugua."

"Mama Leti, usiseme hivyo," Joachim alisema.

Mimi sikungoja aseme mara ya pili. Niliinama, Leticia akanirukia mgongoni, nikakaza fundo la kitenge kifuani. Hapo kichanga kikaanza kulia. Edna akakipakata, akafungua blauzi.

"Chungu!" Leticia akapiga kelele sikioni mwangu. "Bibi, chungu! Mtoto asile!"

Alipiga mateke, akajinyonga mpaka kitenge kikalegea, akateleza hadi chini na kumkimbilia mama yake. Akakisogeza kichwa cha mdogo wake pembeni, taratibu. Kisha akashika pindo la gauni lake akaanza kulipangusa ziwa la mama yake. Akapangusa, akalitazama, akapangusa tena kwa nguvu, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

Mimi nilisimama na kitenge kinaning'inia, nikayakumbuka yale mapapai yote na vile vijiko vyote. Madaha gani ya mjini! Miezi yote ile mtoto alikuwa anafuta klorokwini yangu. Hakuwa amemsahau mama yake hata siku moja.

"Siyo chungu tena, mwanangu," Edna alisema, machozi yakimdondokea mtoto. "Onja."

Leticia hakuonja. Aligeuka akanitazama mimi. Ningetikisa kichwa tu, angerudi mgongoni mwangu, na usiku ule tungelala wote Maposeni. Nikakikunja kile kitenge, nikakibana kwapani.

"Onja, mjukuu wangu. Umeshaufuta uchungu wote."

Akaonja. Akatulia. Akajilaza upande wake, mdogo wake upande wa pili, na mkono wake ukapanda mpaka ukalipata sikio la mama yake, ukalishika. Hata nilipoaga hakugeuka.

Nilifika Maposeni jua halijazama. Nikaangua papai, nikalikata vipande viwili kwa mazoea. Changu nikakipangusa kwa pindo la kitenge kabla ya kukitia mdomoni. Kilikuwa kitamu. Cha pili nilikiweka kwenye sahani ya Leticia, nikakaa mbele ya sahani ile nikilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.